Pesa ya boneti na taa isiishie kwenye skati

Wenye magari ya spoti wa Mbeya na Iringa wana ubishi usiokwisha kuhusu vipuri vya bodi. Upande mmoja unasema bampa ni bampa tu: chukua la bei nafuu, mpe fundi apige rangi, maisha yaendelee. Upande wa pili unasema kama huna hela ya kitu orijino, au cha kampuni yenye jina, heri gari likae lilivyo. Pande zote mbili nazielewa, ila nadhani zinateleza mahali pamoja, kwa sababu zinaanza na bei ya kipuri kabla ya kuuliza kina kazi gani. Kwenye bodi ya gari kuna sehemu zinazopamba tu, na kuna sehemu zinazoshika, zinazopitisha hewa kwenda kwenye injini na zinazomulika njia. Msimamo wangu ni kwamba zile za kupamba zinunuliwe kwa bei ya chini bila aibu yoyote, na akiba itakayopatikana ipelekwe yote kwenye boneti na kufuli lake, kwenye chuma kilicho nyuma ya bampa na kwenye taa, hata ikibidi gari likae mwaka mzima bila skati. Nasema hivyo hasa kwa ajili ya barabara zetu za Nyanda za Juu Kusini, ambazo hazifanani na zile za Dar es Salaam tunakoiga mitindo.

Soko lenyewe linaeleza kwa nini uchaguzi huu ni mgumu. Subaru Impreza WRX, Forester yenye turbo, Toyota Altezza, Mark X, Crown Athlete: haya ndiyo magari ambayo kijana wa Mwanjelwa au wa Kihesa huyamaanisha akitaja gari la spoti. Karibu yote yameingia nchini yakiwa yametumika Japani, na mengi yana umri. Altezza iliacha kutengenezwa mwaka 2005, Mark X mwaka 2019. Serikali hutoza ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe, na bado wanunuzi wengi huona afadhali walipe ushuru huo kuliko bei ya gari la karibuni. Kwa hiyo kipuri kipya kutoka kiwanda kilichotengeneza gari hakipatikani kirahisi, na kikipatikana bei yake inakatisha tamaa. Zinabaki njia tatu. Kuna mtumba wa Japani, ukiwamo ule wa pua nzima ya gari iliyokatwa ikaja na boneti, taa, shoo na rejeta yake, ambayo mafundi wanaiita nozikati. Kuna vipuri vya viwanda vingine, kuanzia vile vya Taiwan, ambako kampuni kama Tong Yang, TYC na Depo zimejenga jina kwa kutengeneza mabampa, madigadi na taa zinazouzwa dunia nzima, hadi vipande vya faiba visivyo na jina la mtengenezaji popote. Na kuna feki, yaani kitu kilichobandikwa jina la Toyota au Subaru wakati hakikutoka huko. Wanaoita vyote hivi "mchina" kwa mkupuo wanamwonea mtengenezaji anayeweka jina lake mwenyewe kwenye kazi yake, na wanamsaidia mwongo kujificha kati ya wakweli.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua katika jambo hili ulitoka kwa watu wa bima. Taasisi ya Marekani iitwayo IIHS, inayoendeshwa kwa fedha za kampuni za bima, iligongesha Toyota Camry mbili za mwaka 1997 kwa mwendo wa maili 40 kwa saa, sawa na kilomita 64. Moja ilikuwa kamili. Nyingine ilivuliwa madigadi, mabati ya nje ya milango na ganda la bampa la mbele, na boneti yake ikaondolewa ikawekwa ya kiwanda kingine iliyothibitishwa na CAPA, chombo kilichoanzishwa Marekani mwaka 1987 kukagua ubora wa vipuri vya namna hiyo. Magari hayo mawili yaliwalinda abiria wake kwa kiwango kinachokaribiana mno. Mtu anaweza kusema kampuni za bima zina maslahi hapo, kwa kuwa spea za bei nafuu zinawapunguzia gharama za kulipa madai. Maslahi wanayo, sikatai. Lakini gari ambalo halikuwa na ganda la bampa hata kidogo lilifanya kazi sawa na lenye ganda, na nia ya mpimaji haiwezi kubadilisha hilo. Kinachomlinda mtu ni chasi, nguzo za bodi, chuma kinachopita nyuma ya bampa, mikanda na mifuko ya hewa. Ganda la nje ni sura. Anayelipa mamilioni kwa ganda la bampa lenye jina kubwa akiamini ananunua usalama, ananunua sura peke yake.

Taasisi hiyohiyo iliitaja boneti kama kipuri ambacho huenda kikawa tofauti na wenzake, na hapo ndipo natamani wenye magari wetu wasimame kidogo. Boneti ya kiwandani ina mifupa upande wa chini, iliyopangwa ili gari likigonga boneti ikunjike katikati badala ya kurudi nyuma nzimanzima kuelekea kioo cha mbele. Ina kufuli, na ina ndoano ya pili inayoishika endapo kufuli litaachia. Geuza boneti ya faiba ya bei ya chini uangalie tumbo lake. Ukikuta nyuzi zimeachwa wazi, bawaba zimefungwa skrubu kwenye faiba tupu isiyo na bamba la chuma ndani yake, na ndoano ya pili haina mahali pa kushika, umeshapata jibu lako. Boneti kama hiyo haitakusumbua kati ya Kabwe na Mafiati, ambako mwendo wenyewe ni wa kusukumana na bajaji. Itakusumbua kule kwenye barabara iliyonyooka kati ya Chimala na Igawa, ukiwa kwenye mwendo, basi linakuja mbele yako na upepo wake unaipiga pua ya gari. Wanaofunga boneti za namna hiyo kwenye magari ya mashindano huongeza pini mbili za mbele, na kwao pini hizo ndizo zinazozuia boneti kuja usoni.

Kwa Subaru zenye turbo jambo hili ni zito zaidi. Lile tundu juu ya boneti lina kazi. Chini yake, juu kabisa ya injini, imelala intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo kabla haijaingia kwenye silinda. Upande wa chini wa boneti ya kiwandani kuna mfereji wa plastiki unaoichukua hewa ya tundu na kuielekeza, na ukingoni mwake kuna raba inayokaa juu ya intakula ili hewa isitawanyike. Boneti nyingi za kuiga zina tundu lililozibwa, au tundu wazi lisilo na mfereji wala raba. Kwa macho ni kitu kilekile. Panda nayo Kitonga sasa, nyuma ya msururu wa malori ya Tunduma, mwendo wa konokono na injini imechemka, kisha nafasi ya kupita ipatikane ukanyage mafuta: hewa inayoingia ni ya moto, nguvu inapungua pale unapoihitaji kuliko wakati wowote, na injini ya petroli inayolishwa hewa ya moto kupita kiasi iko karibu na kugonga. Urefu wetu kutoka usawa wa bahari unaongeza tatizo. Iringa iko karibu mita 1,500 na Mbeya karibu mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Turbo inalazimika kuzunguka zaidi ili ifikishe mgandamizo uleule, na kadiri inavyojituma ndivyo hewa inavyotoka na joto. Yaani kipuri ambacho mtu wa Kinondoni anaweza kukivumilia, mtu wa Uyole hawezi.

Na bei kubwa haitoshi kukuhakikishia boneti. Kuna boneti zinazouzwa kwa bei ya karboni ambazo ni faiba ileile iliyofunikwa tabaka moja la karboni juu kwa ajili ya macho. Tumbo lake ndilo linalosema ukweli, iwe ya laki mbili au ya milioni mbili.

Taa nazo zina siri ambayo wauzaji wachache huieleza. Tanzania tunaendesha kushoto, kama Japani. Umoja wa Falme za Kiarabu wanaendesha kulia. Taa ya mbele haimwagi mwanga sawasawa pande zote. Ukiwasha taa ya chini, mwanga unainuliwa kidogo upande wa pembeni mwa barabara ili uone watembea kwa miguu, na unashushwa upande wa wanaokuja. Taa iliyotengenezwa kwa nchi inayoendesha kulia ikifungwa hapa hufanya kinyume: inawamulika machoni wanaokuja na kukuachia giza kwenye ukingo wako mwenyewe. Sasa fikiria taa hiyo, iliyotoka Dubai ikiwa nzuri inang'aa, kwenye kona za Kitonga usiku, ambako upande mmoja ni ukuta wa mwamba na upande wa pili ni bonde. Aliyeifunga haoni kosa lake. Anayeliona ni dereva wa lori aliyepofushwa. Kuitambua hakuhitaji chombo chochote. Taa zilizotengenezwa kwa kufuata kanuni za Umoja wa Mataifa zina alama ya herufi E yenye namba ndani ya duara, imechongwa kwenye kioo. Jirani na alama hiyo, taa ya nchi zinazoendesha kushoto ina mshale mdogo ambao ukisimama mbele ya gari ukaitazama taa unaelekea mkono wako wa kulia. Taa ya wanaoendesha kulia haina mshale. Yenye mshale wa pande mbili inafaa kotekote. Za mtumba wa Japani mara nyingi hubeba jina la Koito, Stanley au Ichikoh, na kwa kuwa zilitengenezwa kwa ajili ya barabara zao, zinatufaa sisi pia.

Jua letu nalo lina neno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Baridi ya Juni na Julai inatufanya tusahau kwamba jua la Mbeya linachoma kuliko la pwani. Kioo cha taa za siku hizi ni plastiki ngumu, na kinachokizuia kisigeuke njano ni ngozi nyembamba ya kinga iliyopakwa kiwandani. Kwenye taa za bei ya chini kabisa ngozi hiyo hupakwa kwa ubahili au haipo kabisa. Kioo kikishaingia ukungu wa njano, mwanga unasambaa badala ya kwenda mbele, na mwenye gari huongeza balbu kali zaidi, kosa juu ya kosa. Anayejua asubuhi za Mufindi, au barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu wingu linaposhuka hadi kwenye lami, anajua mwanga unaosambaa kwenye ukungu unarudi machoni mwa dereva mwenyewe. Kama kuna kipuri kimoja cha bodi cha kufunga mkanda kwa ajili yake, ni taa.

Kwa upande wa pili nataka kuwatetea wanunuzi wa bei nafuu, kwa sababu wanadharauliwa bila haki. Bampa la mbele lililoshushwa, midomo ya chini, skati za pembeni, spoila ya nyuma ya gari ambalo halifiki mwendo wa kuihitaji: hivi vyote katika barabara zetu ni vitu vya kuvunjika. Barabara kuu inapita katikati ya vijiji na miji, na kila kijiji kina matuta yake. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanarusha kokoto. Ukiacha lami kidogo tu unakutana na rafu rodi. Watu wa mashindano wanalijua hili kuliko sisi. Magari yanayokimbia kwenye vumbi la Iringa katika Mkwawa Rally yana fremu za mabomba ndani ambazo lazima zikidhi masharti ya shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, na hapo hakuna anayeomba punguzo. Bampa likibaki porini, timu inafunga jingine na kuendelea. Gari lenyewe la Impreza lilijenga jina lake Afrika Mashariki kwa njia hiyo, Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na sidhani kuna aliyekumbuka mabampa yao yalifika mwisho yakiwa na hali gani.

Ila hata kwenye bei ya chini kuna kuchagua, na hapa malighafi ina uzito kuliko jina. Faiba ni nyepesi, inatengenezeka, na mafundi wetu wanaijua, lakini ni ngumu isiyopinda: ikigonga tuta inapasuka vipande. Plastiki ya aina inayotumika kwenye mabampa ya kiwandani inabonyea na kurudi. Tufanye hesabu ya kudhania tu. Tuseme bampa la faiba ni laki moja na nusu, na la plastiki la Taiwan ni laki tatu. La faiba limekuja halikai sawa, gepu la kushoto linaingia kidole na la kulia limebana. Fundi bodi anakata, anajaza puti, anapiga msasa siku mbili, kisha rangi: weka laki mbili. La plastiki linaingia kwenye klipu zake na kwenda moja kwa moja kwenye rangi: weka laki moja. Umetumia laki tatu na nusu kwa moja na laki nne kwa jingine, na la faiba likipasuka kabla ya mwaka kuisha hesabu inaanza upya, wakati la plastiki pengine linahitaji kunyooshwa kwa hewa ya moto. Wanaosema rahisi ni ghali wana haki hapo. Wasichoona ni kwamba dawa yake haikuwa bampa la milioni mbili, ilikuwa la laki tatu.

Najua nitaambiwa fundi mzuri anaweza kurekebisha chochote, na mafundi wa Mbeya wanasifika kwa hilo. Nawaheshimu, na kwenye sura wanaweza karibu kila kitu. Lakini fundi hawezi kuurudisha mwanga wa taa mahali pake kwa puti, wala hawezi kukipa chuma cha nyuma ya bampa nguvu ambayo hakina kwa kukipaka rangi. Kazi inayofichwa ndiyo mbaya zaidi. Mwaka 2017 baraza la mahakama huko Texas liliamua kwamba karakana moja iwalipe mke na mume zaidi ya dola milioni 30 kwa sababu paa la gari lao aina ya Honda Fit lilibandikwa kwa gundi badala ya kuchomelewa kama kiwanda kilivyoagiza. Walilinunua kama mtumba, kwa nje halikuwa na dosari, na udhaifu wake ukajulikana siku ya ajali. Sisi ambao karibu kila gari tunalonunua ni la mtumba tuna sababu kubwa zaidi ya kuogopa kasoro zilizofunikwa kwa rangi nzuri.

Wengine watasema kipuri chenye jina kubwa kinalinda bei ya gari siku ya kuliuza. Kwa mnunuzi mmoja anayejua tofauti ya bampa la kweli la Subaru STI na la kuiga, labda. Wanunuzi wengi wa Mbeya na Iringa huuliza injini, giabox na kadi ya gari, na wengine hupunguza bei wakiona gari limepambwa, kwa kuhisi limekimbizwa. Na yupo kijana atakayesema hela yake haitoshi vitu vyote hivi vizuri, kwa hiyo hana budi kuchukua vya chini kwa kila kitu. Huyo ndiye ninayemwandikia hasa. Taa moja ya mtumba wa Japani isiyo na nyufa, boneti ya chuma iliyokwaruzwa lakini imenyooka na kufuli lake linashika, chuma cha bampa kutoka kwenye nozikati: hivi mara nyingi havimzidi kwa bei yule anayefunga mapambo mapya kuzunguka gari zima. Kinachotakiwa ni kukubali kutembea na gari lenye rangi mbili kwa muda.

Mamlaka nazo zina sehemu yao. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 zinaipa Tume ya Ushindani nguvu ya kumkamata anayeuza feki kwa jina la mwingine, na Shirika la Viwango lina mamlaka juu ya ubora wa bidhaa. Kwa maoni yangu taa za upande usio wetu zingepaswa kuzuiwa hukohuko zinakoingilia, maana zinamdhuru mtu ambaye hakuzinunua. Kwa mnunuzi, silaha iliyopo leo ni risiti. Muuzaji anayekuambia boneti ni ya chuma, au bampa ni la plastiki la Taiwan, au taa ni ya Japani, aandike hivyo kwenye risiti pamoja na jina la mtengenezaji, kabla hujatoa hela. Akikataa kuandika alichokitamka, rudisha kipuri juu ya meza na uende duka la jirani.